Tyusheni ya kuchora hapa Majengo Moshi, miezi miwili baadae

Wazazi wenzangu wa Moshi, kuna tyusheni huku Majengo wanafundisha masomo kwa kuchora, inaanza saa kumi jioni, buku kwa siku, kijana wangu wa la tano anaenda mwezi wa pili huu na mwanzoni nusura nimtoe. Siku ya kwanza nafungua daftari la sayansi nakuta michoro mitupu, mishale, jua lina macho, nikasema hii buku si bora ningenunua mkate.

Kesho yake nikamfata madam nimenuna. Hakubishana, akanambia mama kaa hapo nyuma uangalie. Akamwita dogo asome mzunguko wa maji, kasoma mpaka nikajiona mama wa profesa, hakukwama hata neno. Haya funga kitabu, chora. Dogo kachora bahari, kachora Kibo na barafu yake juu, safi kabisa, alafu mshale wa mvukizo kautoa mawinguni unashuka baharini! Madam wala hakumsahihisha, kamuuliza tu "ukifunua sufuria ya chai nyumbani, mvuke unaenda wapi?" Kimyaaa, akafuta, akageuza mshale. Yani siku zote alikua anasoma kama kasuku na mimi nampigia makofi.

Kuna watafiti wa chuo kikuu cha Waterloo kule Kanada, 2016, walionesha mtu akichora neno analikumbuka kuliko akiliandika, hata mchoro uwe wa ovyo. Ila wale walipima maneno mojamoja sio somo zima, kwaiyo msiende mkitegemea muujiza. Mi nachojua juzi nimemuuliza dogo mbona huku kwetu mvua nyingi, kaokota kijiti kachora kwenye vumbi, upepo unatoka bahari ya Hindi na unyevu wake, unagonga mlima, unapanda, huko juu unapoa, mvua hiyo. Kitabu hakushika.

Sasa mabaya yake. Watoto wamejaa, benchi moja wanne, na anaechora polepole madam anaweza asimfikie mpaka kengele. Siku nyingine anawaacha wapake rangi nusu saa nzima, hapo sasa ni mchezo, mshale na neno moja pembeni si vinatosha jamani. Hesabu hafundishi, kama shida yako ni hesabu usijisumbue kuja. Na penseli za rangi unanunua mwenyewe, zinapotea hatari, ya bluu peke yake nimeshaifata kwa mangi mara tatu.