Programu ya wiki 16 ya mbio za milimani: uzoefu wangu kati ya Dar es Salaam na Uluguru

Nimemaliza programu ya wiki 16 ya kujiandaa kwa mbio za milimani zenye mwinuko mkali, ambayo kocha huituma kwa simu na kuifuatilia kwa ujumbe wa sauti. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaofikiria kulipia huduma ya aina hii ilhali wanaishi mahali tambarare kama ninavyoishi mimi, Dar es Salaam. Mlima wangu wa mazoezi umekuwa Uluguru, karibu na mji wa Morogoro, kwa kuwa tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, mtu anaweza kuondoka asubuhi, akapanda mlima na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu programu hii inastahili fedha yake kwa sababu ya namna inavyofundisha kushuka, ingawa ina upungufu ambao mkazi wa pwani anapaswa kuujua mapema.

Jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba haihesabu kilomita. Kila wiki imepangiwa jumla ya mita za kupanda na saa za mazoezi, na umbali unaachwa uwe utakavyokuwa. Anayeijua njia ya kutoka Morogoro mjini, penye takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, kupitia eneo la Morningside lililo njiani hadi kilele cha Bondwa kinachozidi mita 2,000, ataelewa mara moja kwa nini kipimo hiki ni cha haki zaidi.

Katika kupanda, programu inasisitiza kutembea kwa nguvu pale mwinuko unapozidi, mikono ikisukuma mapaja na hatua zikiwa fupi, kwa sababu kwenye mwinuko mkali sana mtu anayetembea hutumia nguvu kidogo kuliko anayekimbia ingawa wote wanapanda kwa kasi ileile. Sisi tuliolelewa na mbio za barabarani huona kutembea ni kushindwa, na mawazo hayo hayaondoki kwa siku moja. Nitaongeza hapa kwamba wapo wanaodhani michezo hii ni ya Wazungu wa milima ya Alps, ilhali Mkenya Patrick Kipngeno alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima mwaka 2022 na tena mwaka 2023.

Kushuka ndiko kulikonishawishi. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inajikaza huku ikirefushwa na uzito wa mwili, na kazi hiyo huichana kwa namna ambayo kupanda hakuwezi. Maumivu yake hayaji siku ileile, bali hukomaa siku ya pili au ya tatu, wakati mtu anashindwa hata kushuka kwenye daladala bila kushikilia mlango. Habari njema ni kwamba misuli iliyopata dozi ndogo ya mteremko hujikinga kwa wiki kadhaa dhidi ya dozi inayofuata. Programu imejengwa juu ya ukweli huo: miteremko mifupi huanza mapema, huongezwa taratibu, na mteremko mrefu wa mwisho huwekwa wiki mbili kabla ya siku ya mbio ili miguu ipone lakini kinga ibaki.

Mbinu zenyewe hufundishwa kwa video ambazo mwanafunzi hujirekodi na kumtumia kocha. Nilimtumia ya kipande cha chini ya Morningside, ambako udongo mwekundu uliolowa huteleza kama sabuni, naye akanijibu kwa sauti: "Kaka, unajiegemeza nyuma kwa sababu unaogopa, na kisigino ndicho kinachokuangusha. Leta kifua mbele kidogo, fupisha hatua, macho yaangalie mita tatu mbele, si kwenye raba." Niliirudia njia ileile nikiwa nimefupisha hatua hadi nikahisi ninapiga miguu haraka kupita kiasi, na kweli mguu ulioteleza haukuniangusha tena, kwa kuwa wa pili ulikuwa tayari umefika chini. Ukiwaangalia akina mama wa Kiluguru wanaoshusha ndizi na mboga sokoni, mzigo kichwani na kandambili miguuni, utaiona hatua hiyohiyo fupi isiyotua kwa muda mrefu.

Sasa upungufu. Programu inachukulia kwamba una kilima karibu nawe kila katikati ya wiki. Nilipoeleza hali yangu, kocha alinipangia ngazi za jengo la ghorofa pamoja na zoezi la kushuka taratibu kutoka kwenye kidato kwa mguu mmoja, na vigimbi na mapaja vilinufaika sana, lakini ngazi zina vidato vya kimo kimoja, wakati Uluguru hakuna mahali mguu unapokanyaga mara mbili kwa namna ileile. Viwango vya mapigo ya moyo navyo havikuzingatia joto la Dar. Mwezi Februari moyo hupanda kwa sababu ya joto na unyevu peke yake, na anayefuata namba kikamilifu atajikuta anakimbia polepole kuliko anavyohitaji. Ilibidi nitumie kipimo cha pumzi, yaani kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika.

Aidha, hakuna somo lolote kuhusu kwenda juu sana, ambako hewa ni nyembamba. Kwa Uluguru hilo halina madhara, lakini anayelenga Meru yenye zaidi ya mita 4,500 asidhani kwamba miguu imara itamkinga na ugonjwa wa mwinuko, kwa kuwa ugonjwa huo huwapata hata wanariadha hodari.

Kuhusu vifaa, ushauri uliotolewa ni mfupi na unatosha: raba zenye soli ya meno marefu, zenye nafasi mbele ya vidole, na kucha zikatwe kabla ya kila mteremko mrefu.

Nililipa shilingi 240,000 kwa wiki zote 16, na majibu ya kocha yalifika ndani ya siku moja. Anayetaka kujiunga kutoka Dar, Tanga au Zanzibar amwombe kocha, kabla ya kulipa, aandikiwe mazoezi ya katikati ya wiki yasiyohitaji kilima, na atenge pia nauli ya kwenda mlimani walau mara mbili kwa mwezi, kwa sababu bila safari hizo sehemu ya kushuka, iliyo bora kuliko zote, haitamfaa kitu.