Friji ya pikapu: kabla ya kuilaumu, pima waya

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tuko nje, huyo jogoo mnayemsikia ni wa jirani, mtanivumilia. Nyuma yangu hapa ni Hilux dabo kebini, ya zamani, dizeli, gia za mkono, na humu kwenye bodi, chini ya kanopi, kuna friji ya lita 45 inayotumia umeme wa gari. Nina miezi minane nayo. Imeshakwenda Kilwa mara nne, Lindi mara moja, na kuna asubuhi moja imeniaibisha mbele za watu. Hiyo nitawasimulia, kwa sababu video nzima ya leo imetoka hapo.

Jina la kampuni silitaji. Nimenunua kwa hela yangu, na ukipita madukani utalikuta boksi hilihili na stika tofauti tofauti. Stika isikusumbue. Uliza kitu kimoja tu: ndani kuna kompresa au hakuna?

Maana ziko za aina mbili, na wauzaji wote wanaziita friji ya gari. Moja ina kompresa na gesi, kama friji yako ya nyumbani, ila kompresa yenyewe ni ndogo na inakula volti 12 au 24. Ya pili ina kibamba fulani cha umeme, upande mmoja unapoa, upande wa pili unapata moto, na feni mbili. Hii ya pili ni nyepesi na bei yake inavutia. Lakini kazi yake ni kushusha joto nyuzi 20 hivi chini ya joto la nje, basi. Sasa umesimama Kibiti saa nane mchana, ndani ya kanopi nyuzi 40. Toa 20. Umebaki na 20. Hiyo siyo friji wadau, hicho ni kivuli. Halafu inavuta umeme muda wote bila kupumzika, wakati yenye kompresa ikishafika baridi uliyoitaka inanyamaza.

Haya, tuje kwenye aibu.

Nilipoinunua nilikuwa na haraka, safari ilikuwa kesho yake. Ikaja na waya wake wa kuchomeka kwenye tundu la kiberiti pale mbele, mfupi, haufiki nyuma. Nikampelekea fundi. Akachukua waya wa nyumba, ule wa 1.5 (unene wa milimita za mraba) wa kufungia taa, akaunga kutoka nyuma ya tundu la kiberiti, akaupitisha chini ya zulia, akautoa nyuma. Na kwa kuwa kiberiti kinazima ukitoa ufunguo, akanihamishia uwe na umeme muda wote. Nusu saa, kazi imeisha. Nikamlipa, nikamshukuru na soda juu.

Tukaondoka Dar. Hadi Mbagala, Mkuranga, friji safi, nyuzi 4. Tulipopumzika Ikwiriri nikazima gari, baada ya dakika kumi friji inalia, inaonyesha kosa la umeme mdogo. Nikawasha gari, ikarudi. Somanga hivyohivyo. Nikampigia fundi. Akasema, "Bosi, hapo kuna herufi H, M na L. Weka L, itakaa."

Nikaweka L. Ikakaa kweli!

Kilwa Masoko nikanunua samaki, changu na tasi, wabichi wa asubuhi ileile, nikawajaza humo nikashusha hadi hasi 18. Nikaegesha gari uwanjani kwenye nyumba ya wageni, nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi naingiza ufunguo, tik. Naingiza tena, tik. Taa za dashibodi zinakonyeza kama zina usingizi. Vijana wa pale wakaja tukasukuma, likawaka mara ya tatu. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye baraza anakunywa kahawa yake, akaniambia, "Kijana, samaki wako wamelala salama, gari ndiyo limekesha."

Njia nzima ya kurudi natukana friji. Kumbe friji haina kosa.

Ngoja nisogeze kamera, muone vizuri. Hapa nina mita. Betri, pale kwenye vichwa vyake, gari limezimwa: volti 12.5. Betri iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7, ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Sasa waya ule wa zamani sijautupa, nimeutunza kwa ajili yenu. Nauchomeka kwenye friji, kompresa inaanza, napima huku mwisho, kwenye friji yenyewe. 11.6. Mnaona? Betri ni ileile. Karibu volti nzima imepotelea njiani.

Hesabu yake siyo ya chuo kikuu. Kutoka kwenye betri hadi nyuma ya bodi ni kama mita 6, na umeme lazima urudi, mita 6 nyingine, jumla 12. Kompresa ikifanya kazi inavuta ampea 4 hadi 5. Waya wa shaba wa 1.5, kwa ampea 5 na mita hizo 12, unakula karibu volti 0.7. Wa 2.5 unakula 0.4. Wa 6 unakula chini ya 0.2. Na kile kiplagi cha kiberiti, kinachocheza kila ukipita rasta, nacho kinachukua chake.

Sasa zile herufi. Friji ina ulinzi wa betri: volti ikishuka hadi kiwango fulani inajizima yenyewe ili ubaki na umeme wa kuwashia gari. Kwa friji yangu H ni 11.8 na L ni 10.1, viwango vinatofautiana, soma kijitabu cha yako. Lakini friji haioni betri! Inaona kinachofika mlangoni kwake. Waya mwembamba ukiiambia 11.6, inadhani betri imekwisha, inajizima, na betri bado nzima kabisa. Ndipo mtu anashauri "weka L". Ukiweka L umemfukuza mlinzi. Itanyonya mpaka stata haina kitu cha kunywa. Na mimi nilikuwa nimeingiza samaki wabichi ambao hawajapoa, nataka wagande, kwa hiyo kompresa haikupumzika usiku kucha. Ampea 4 na nusu mara saa 14 ni ampea-saa 63. Betri yangu ni N70, yaani ya ampea-saa kama 70. Fanya toa mwenyewe.

Kwa hiyo, ukitaka kufunga friji ya pikapu, hela ya kwanza ni ya waya. Nenda kwa wauza nyaya za magari au za sola, omba wa 6 wenye nyuzi nyingi laini. Usichukue ule wa nyumbani wenye roho moja ngumu, pikapu inatikisika, unakatika ndani na huoni. Nunua mwekundu na mweusi, zote mbili zifike kwenye betri. Fundi atakwambia, "Mweusi tugonge hapahapa kwenye bodi, tuokoe waya." Mwambie hapana. Magari yetu ya pwani yana kutu, na kila nati yenye kutu ni kizuizi kingine cha umeme.

Fyuzi. Hapa sitanii. Fyuzi inakaa karibu na betri, isizidi urefu wa shibiri, kwenye waya mwekundu. Wapo wanaoweka fyuzi huku nyuma kwenye friji, wanasema "si ipo?" Ipo, ndiyo, lakini ikiwa waya umechunwa katikati na kugusa chesisi, fyuzi ya nyuma haijui lolote, na betri inamwaga umeme wote hapo hadi waya uwake moto. Mimi nimeweka ya ampea 30 mbele, kwa ajili ya waya, na ya 15 nyuma, kwa ajili ya friji. Waya wenyewe umepita ndani ya bomba la plastiki, umefungwa kwenye chesisi, upande usio na bomba la moshi. Kila panapopita kwenye tundu la bati kuna raba. Huku mwisho nimetupa kile kiplagi cha kiberiti, nimefunga plagi ya Anderson, plagi nene ya umeme wa betri, hii ya kijivu. Ukiibana haichezi hata upite barabara ya mawe. Kazi yote ilituchukua siku nzima, mimi na fundi mwingine, na vichwa vyote vimebanwa kwa koleo lake kisha vikafunikwa na mpira unaosinyaa kwa joto. Solotepu hapana.

Baada ya hapo nikarudisha H. Kompresa inafanya kazi, betri 12.4, friji inaona 12.2. Na sasa ikijizima najua kweli betri inaomba msaada.

Je, betri moja inatosha? Inategemea unalala wapi. Ukiendesha kila siku na kusimama saa tatu nne, inatosha. Kwa nyuzi 4, kwa joto la kusini, hesabu ampea-saa 40 hadi 50 kwa siku nzima. Ukigandisha, zaidi sana. Ukitaka kukaa siku mbili porini bila kuwasha gari, weka betri ya pili. Kama ni ya kawaida, ya risasi na asidi, funga rilei, yaani swichi inayojiendesha, inayosikiliza volti: gari likiwaka na volti kupanda hadi 13.3 hivi inaziunganisha, ukizima na ikashuka inazitenganisha, na ile ya stata haiguswi. Betri ya risasi usiizoeshe kushuka chini ya nusu, utaizika mapema. Ya lithiamu unaweza kutumia karibu yote, ila hiyo usiiunganishe kwa rilei tu, ina pupa ya umeme, itaichosha altaneta, ile mashine ya gari inayochaji betri. Inataka chaja ya DC-DC katikati, kifaa cha kudhibiti umeme unaoingia kwenye betri hiyo. Na usiiweke chini ya boneti, kule ni jikoni. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya kanopi inasaidia, jua la saa sita unapata kama ampea 5. Haibebi friji peke yake siku yenye mawingu, ila inaongeza siku.

Kuna mdau aliniuliza, kwa nini nisiweke inveta nichomeke ile plagi ya nyumbani? Unachukua 12 unaipandisha 230, halafu friji inaishusha tena, na kila hatua inakula umeme. Acha.

Kuhusu kufunga mzigo nitapita haraka. Tupu ina kilo kama 18, ikijaa inapita 45, na ukishika breki ghafla inakuwa kombora. Mikanda miwili kwenye ndoano za bodi, siyo kamba ya katani. Upande wenye matundu ya hewa uachie nafasi ya kiganja. Wa kwangu nilibandika begi la nguo hapo, ikawa inahema kama mbwa. Vumbi linaingia kwenye matundu hayohayo, kila safari pulizia. Na usiku wa kuamkia safari ichomeke nyumbani kwa umeme wa TANESCO, pakia vitu vikiwa tayari vimepoa. Gari lipewe kazi ya kutunza baridi, siyo kuitengeneza.

Yenyewe kama friji naionaje? Kompresa yake sina lawama, usiku unasikia mngurumo mdogo tu. Komeo la mfuniko ni la plastiki na limeshapasuka, nafunga na mkanda. Raba ya mfuniko inashika vumbi. Programu ya simu niliitumia siku mbili, nikaifuta. Ukitembea hatua kumi inapoteza mawasiliano, na namba zenyewe zipo kwenye kioo cha friji. Ningenunua tena? Ningenunua, lakini waya kwanza.

Ila wewe unayefuata samaki wa biashara, kilo mia, mia mbili, usije ukaniambia nilikudanganya. Lita 45 ni za chakula cha familia na samaki wa kupelekea shemeji. Kilo ishirini za samaki wabichi humo zinachukua usiku mzima kuganda. Wewe chukua sanduku lako la barafu, pakia samaki na barafu kwa tabaka, acha tundu la maji kutoka, utafika Dar kabla yangu na hutasukumwa na mtu.