omniNames kwenye duka letu la boriti, Langoni: nyota nne

Duka letu la vifaa vya ujenzi lina kompyuta tatu: kaunta, ofisi ya gorofani na ghala la nyuma tunakoweka boriti na saruji. Kuta zetu za Lamu ni mawe ya matumbawe, nene vibaya, wifi haipiti. Tumevuta waya. Programu ya stoo iliandikwa zamani na kijana mmoja kwa Java, na inatumia Corba, utaratibu wa programu za kompyuta tofauti kuitana kupitia mtandao.

Mzizi wa majina, yaani daftari ambalo programu huuliza fulani yuko anwani gani, tulikuwa tukiuendesha kwa orbd, iliyokuja ndani ya Java yenyewe. Tuliponunua kompyuta mpya ya ofisini yenye Java 11, orbd haimo. Corba yote iliondolewa kwenye toleo hilo mwaka 2018. Nikaweka omniNames, mzizi wa majina unaokuja na programu ya Corba iitwayo omniORB, bure kabisa. Kaunta na ghala zikabaki na Java 8.

Hapo nikasumbuka siku mbili. Mgeni akishuka mashua jetini akiulizia nyumba ya fulani, wazee wa barazani watamwelekeza, lakini hiyo baraza yenyewe lazima kwanza aonyeshwe na mtu. Baraza yetu ndiyo huo mzizi wa majina, na kaunta ilikuwa ikionyeshwa kwa -ORBInitialHost na -ORBInitialPort 1050. Kumbe huo ni utaratibu wa Sun, kampuni iliyotengeneza Java, na omniNames haiuitikii mpaka uwashe mpangilio uitwao supportBootstrapAgent. Sikuuwasha. Niliandika upya maelekezo ya kaunta:

-ORBInitRef NameService=corbaloc:iiop:192.168.1.10:2809/NameService

Poti 2809 ndiyo ya kawaida kwa kazi hii, na anwani ni ya kompyuta ya ofisini. Mzizi ukapatikana papo hapo, na jina la Stoo, yaani programu ya ghala, likaonekana. Kisha kimya. Mtoto wa kakangu alichungulia kioo cha kompyuta akaniuliza, "Ami, mbona kaunta inajiita yenyewe?"

Kweli bwana. Ghala nilikuwa nimeliwekea Linux wiki ileile, na faili lake la hosts, lenye orodha ya majina na anwani, lililipa jina la mashine 127.0.1.1, anwani ambayo kwa kila kompyuta maana yake ni "mimi mwenyewe". Java ikaichukua anwani hiyo na kuiandikisha kwenye mzizi. Kaunta ikiambiwa Stoo iko 127.0.1.1, inajitafuta yenyewe! omniNames hapo haina kosa, nilisahihisha hosts tu nikaiwasha upya programu ya ghala.

Stima ikikatika ndipo naipenda. Majina huyaandika kwenye faili, kwa hiyo umeme ukirudi yapo vilevile. Ila nyota ya tano nimeinyima kwa sababu haijali kama mwenye jina yupo. Ghala lisipowaka, Stoo inaendelea kutajwa kana kwamba iko kazini, kaunta inaganda, na mteja amesimama na punda wake nje akingoja saruji.

Mstari ule wa corbaloc nimeubandika ukutani, kando ya jedwali la maji kujaa na kupwa.