Mkeka wa hewa wa kufanyia sarakasi: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Mkeka ninaouzungumzia una urefu wa mita 3, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10, ule unaokuja na pampu ya umeme, begi na vifaa vya kuziba matundu. Unatumika mara nne kwa wiki, kwangu na kwa wanafunzi. Naupenda sana, na nadhani kwa anayejifunza kupinduka hakuna kifaa cha bei yake kinachoukaribia. Ila sharti ujue kuujaza. Malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu mikeka hii chanzo chake ni hewa, mkeka wenyewe hauna kosa.

Ndani yake si mtupu kama boya. Turubai la juu na la chini limeshikanishwa kwa maelfu ya nyuzi zenye urefu mmoja, ndiyo maana ukijaa haututumki katikati, unabaki tambarare kama meza. Kwa hiyo ukienda kununua, achana na rangi, kagua ubavu. Ubavu wenye tabaka mbili za turubai, moja ikiwa imeipanda nyenzake kwa upana wa vidole viwili hivi, ndio unaodumu. Wangu una tabaka moja, na nitaeleza hapa chini ulivyonifanyia.

Sasa hewa. Kipimo changu ni kusimama katikati kwa kisigino kimoja, uzito wote ukiwa juu yake. Kisigino kikizama kama sentimita 2, mkeka uko tayari. Kikizama nusu ya unene, hewa haitoshi: ukitua kutoka samasoti (kupinduka hewani bila mikono kugusa chini) miguu inagonga sakafu, na kabla haijafika huko kifundo kinapinda upande kwa sababu turubai laini limekimeza kama tope. Wengi huamini mkeka laini ndio salama kwa mwanafunzi. Kwa kuanguka na mgongo, sawa. Kwa kutua na miguu, hapana. Mtu mwenye kilo 80 na zaidi anahitaji mkeka uliokaza kweli kweli, au achukue wa unene wa sentimita 20.

Pampu inaujaza kwa dakika kama 3. Vali ina pini katikati: pini ikiwa juu, hewa inaingia na hairudi, ukiibonyeza na kuizungusha ikakwama chini, hewa inatoka. Kosa la kila siku ni kujaza pini ikiwa chini, halafu ukichomoa mpira wa pampu mkeka wote unalala mbele ya macho yako. Kidole kimoja kwenye pini kabla ya kuwasha pampu kinatosha kulizuia. Kingine: hewa hutanuka kwa joto. Mkeka uliojazwa asubuhi ya baridi ukaachwa juani hadi mchana hukaza kama ngoma na mishono inaumia, kwa hiyo punguza hewa kidogo mapema. Turubai la rangi ya giza likipata jua pia hubabua viganja.

Mahali mkeka huu unapong'ara ni kupinduka nyuma kwa mikono, kwa sababu zoezi hilo linataka marudio mengi na sakafu ngumu hairuhusu. Viwiko na viganja vinachoka kabla akili haijashika. Mwanafunzi asimame hatua moja kutoka ukingoni, mgongo ukielekea urefu wa mkeka, mikono mbele usawa wa macho. Akae kama anayetafuta kiti kilicho nyuma yake, magoti yasipite vidole vya miguu, mikono ishuke kisha irushwe juu kupita masikio wakati nyonga zinafunguka. Viganja vitue vidole vikiangaliana kidogo kwa ndani, ili kiwiko kisivunjike kuelekea nje. Kisha miguu ivutwe chini kwa pamoja, kifua kikiinuka.

Tatizo ni kwamba mkeka unakudundisha. Mwanafunzi anagundua upesi kwamba akiruka juu badala ya kwenda nyuma bado anafanikiwa kuzunguka, na hapo ndipo tabia mbaya inapoota. Anaanza kuruka juu, mikono inafika chini imechelewa na imekunjika, na siku akijaribu sakafuni anatua kwa kichwa. Dawa yake ni chaki. Chora mstari pale miguu ilipoanzia na mwingine viganja vilipotua. Nafasi kati ya mistari hiyo ikizidi kupungua, mtu anaruka juu. Mrudishe kwenye kukaa. Sikiliza pia. Kupinduka kuzuri kwenye mkeka uliojaa kunatoa milio miwili mikavu, pa ya viganja na pa ya miguu, na ya pili inakuja haraka. Ukisikia mlio mzito wa kuburuta kati yake, mabega yamelegea na mwili umekaa juu ya mikono muda mrefu mno.

Samasoti ya nyuma mahali pamoja naifundisha hapo hapo, ila kwa tahadhari moja: weka godoro nene la kutulia juu ya mkeka, maana sentimita 10 za hewa hazimpokei mtu aliyeshuka vibaya. Wala usiutumie kuruka kutoka jukwaani au begani kwa mwenzako.

Kuhamia sakafuni wengine hupunguza hewa kidogo kidogo, wakidhani wanapunguza mdundo. Hilo linarudisha hatari ileile ya kifundo. Mimi nauacha umekaza, nalaza juu yake mkeka mwembamba wa sponji unaoumeza mdundo, kisha naondoa mkeka wa hewa na kubaki na sponji peke yake juu ya sakafu. Katika kila marudio matano ya hewa naweka moja la sponji tangu wiki ya kwanza, ili miguu isisahau uzito wake. Kama onyesho litakuwa kwenye mbao au zege, wiki mbili za mwisho mkeka wa hewa unabaki kwa kupasha mwili moto tu. Anayetoka kwenye hewa jana na kupanda jukwaa gumu leo anakuwa chini kwa urefu wa kiganja kuliko alivyozoea, na samasoti haikamiliki.

Piramidi za watu, hapana kabisa. Anayebeba wenzake anahitaji ardhi isiyotikisika, na hapa nyayo zake zinahangaika muda wote kutafuta usawa huku kuna mtu juu ya mabega. Kusimama kwa mikono nako hujifunzi vizuri juu yake, kwa sababu viganja havipati kitu cha kusukuma. Na mtu awe mmoja mmoja. Wa pili akitua wakati wa kwanza anajiandaa kuruka, hewa inamrusha wa kwanza bila yeye kutaka.

Juu ya vigae mkeka huteleza kurudi nyuma kila unaposukuma. Tandika mpira au zulia lenye mgongo wa mpira chini yake. Juu ya nyasi au zege tandika turubai jingine, ukishapapasa kwa mkono kutafuta vijiwe. Pete, saa na vibanio vya nywele vivuliwe. Soksi zinateleza, miguu iwe mitupu.

Katika mwezi wake wa tano mkeka wangu ulianza kupoteza hewa usiku. Maji ya sabuni yalionyesha povu kwenye mshono wa kona, pale nilipokuwa nikiukunja kila siku kwa mstari uleule. Kiraka kilichokuja nao kilikuwa kidogo na gundi imekauka ndani ya kichupa, jambo ambalo muuzaji hakulijali nilipomweleza, na nililiona ni dharau kwa mteja. Nilinunua gundi ya kuunganishia turubai la plastiki, nikakata kiraka cha mviringo (pembe kali hubanduka), kikipita tundu kwa sentimita 4 kila upande, nikasafisha kwa spiriti, nikapaka pande zote mbili, nikasubiri ikauke hadi inate kwa kidole, nikabandika na kuweka uzito kwa saa 24. Mkeka ukiwa hauna hewa, bila shaka. Kimeshika mpaka leo. Tangu hapo nauviringisha kuanzia upande usio na vali, bila kuukunja.

Nikinunua mwingine nitachukua wa mita 6 kwa 2, wenye ubavu wa tabaka mbili. Mita 3 zinatosha kupinduka nyuma mara moja tu; ukitaka kuunganisha gurudumu la kufunga miguu (la mikono, miguu ikitua kwa pamoja), kupinduka nyuma kwa mikono na samasoti, unaishiwa mkeka kabla ya samasoti, na sehemu ya kutulia ndiyo inayoangukia sakafuni.