Waifai inakatika: gigahezi 2.4 au 5?

Kabla ya kuilaumu kompyuta mpakato, angalia imeshika masafa yapi ya mawimbi ya redio. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila hapo pana msongamano: ruta (vifaa vinavyorusha Waifai) za majirani, vifaa vya Bluetooth, hata maikrowevu ikiwashwa (ndiyo, ile ya kupashia chakula), vyote vinagombania njia moja. Chaneli (vijia ndani ya masafa hayo) zisizoingiliana kwa kawaida ni 3 tu: 1, 6 na 11. Gigahezi 5 ina kasi na nafasi tele, lakini ukuta mnene huidhoofisha haraka. Ukikaa chumba kimoja na ruta, mimi ningechagua 5 bila kusita. Ukiwa vyumba viwili mbele, rudi 2.4, kisha uhamishie ruta kwenye chaneli isiyo na fujo.