Tomcat, WildFly, WebLogic na Open Liberty: kasi inatoka wapi?

Anayetafuta seva ya kuendeshea programu za Java katika taasisi kubwa, iwe Tomcat, WildFly, WebLogic ya Oracle au Open Liberty ya IBM, hukutana na majedwali mengi yanayodai kwamba seva fulani imeipita nyingine mara mbili au mara tatu. Kwa maoni yangu, mengi ya majedwali hayo hayapimi seva hata kidogo; yanapima mipangilio ya awali ambayo kila mtengenezaji ameiweka katika bidhaa yake na ambayo mpimaji hakuigusa.

Tofauti kubwa hujificha kwenye miunganisho ya hifadhidata. Kila seva huweka akiba ya miunganisho iliyo tayari ili maombi yaiazime kwa zamu. Akiba inayokuja na Tomcat, ikiachwa kama ilivyo, huruhusu miunganisho 8 tu kwa wakati mmoja, WebLogic huruhusu 15, WildFly 20, na Open Liberty 50. Tuchukue programu ambayo kila ombi hushikilia muunganisho kwa milisekunde 50. Muunganisho mmoja utahudumia maombi 20 kwa sekunde, kwa hiyo Tomcat itakwama kwenye maombi 160, ilhali Liberty inaweza kufikia 1,000 iwapo hifadhidata yenyewe itahimili. Mpimaji ataandika kwamba Liberty ina kasi mara sita, na namba zake zitakuwa sahihi, ila kilichopimwa ni tarakimu moja katika faili la mipangilio.

Linaloudhi zaidi ni kwamba Tomcat katika hali hiyo hailalamiki. Nyuzi zake (threads), yaani njia sambamba za kuhudumia maombi, ambazo kwa kawaida hufikia 200, hupanga foleni kusubiri muunganisho bila kikomo cha muda; kichakataji hakina kazi, faili za kumbukumbu za matukio (logs) hazina kosa lolote, na mtumiaji anaangalia ukurasa usiofunguka. Ukitumia amri ya jstack kuona kila uzi unafanya nini, utakuta karibu zote zimesimama kwenye mstari uleule wa borrowObject, yaani pale zinapoomba muunganisho kutoka kwenye akiba. WebLogic huacha kusubiri baada ya sekunde 10, WildFly na Liberty baada ya sekunde 30, kisha zikatoa kosa linaloeleweka. Kwa aliye zamu usiku, ubora huo una uzito kuliko asilimia chache za kasi.

Kumbukumbu ya mashine (RAM) nayo ina mtego wake. Hati ya kuwashia WildFly huiwekea Java kikomo cha megabaiti 512, lakini Tomcat haiweki kikomo, hivyo Java hujitengea robo ya kumbukumbu ya mashine. Kwenye mashine ya gigabaiti 16, Tomcat ina gigabaiti 4 na WildFly nusu gigabaiti, halafu mtu anashangaa kwa nini WildFly inahangaika kusafisha kumbukumbu.

Mambo hayo yakisawazishwa, tofauti katika maombi ya kawaida huwa ndogo, kwa sababu muda mwingi huishia kwenye hifadhidata na kwenye msimbo wa programu yenyewe. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, umeendeshwa kwa miaka mingi juu ya Tomcat, na wasimamizi wake hutumia muda mwingi zaidi kurekebisha hifadhidata yake, PostgreSQL, kuliko seva. Hata hivyo, Tomcat haibebi viwango vyote vya Jakarta EE, yaani viwango vya pamoja vya programu za Java za taasisi. Anayehitaji foleni za ujumbe au miamala inayogusa hifadhidata zaidi ya moja atalazimika kuongeza vipande mwenyewe, na hapo WildFly, ambayo nayo ni ya bure, humwondolea kazi hiyo.

Kati ya zote nne, Liberty ndiyo iliyonivutia zaidi. IBM iliifungua kwa umma mwaka 2017, na hupakia vipengele vile tu vilivyotajwa kwenye faili lake la server.xml, jambo linaloifanya iwake haraka na kutumia kumbukumbu kidogo ndani ya kontena (kifurushi kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na nyingine). WebLogic ni nzito zaidi kuwasha, lakini hurekebisha idadi ya nyuzi zake yenyewe kadiri mzigo unavyobadilika, na uhusiano wake na klasta za hifadhidata za Oracle (mashine kadhaa zinazofanya kazi kama hifadhidata moja) ni wa karibu mno. Namba zake za kasi hazipatikani kwa wingi hadharani, na si ajabu: mikataba ya leseni ya Oracle kwa kawaida humkataza mteja kuchapisha matokeo ya upimaji bila idhini ya kampuni.

Kwa mradi mpya ningechagua Tomcat ikiwa programu ni ya kurasa na hifadhidata moja, na Liberty ikiwa inahitaji viwango kamili. WebLogic ningeibakiza pale ambapo hifadhidata za Oracle tayari ziko kwenye klasta na leseni zimeshalipiwa.