Kanuni kwanza au swali kwanza?

Kuna walimu wa hesabu wanaanza na kanuni ubaoni, mfano mmoja, halafu mazoezi kumi. Inaenda fasta, na kwa mada ngeni kabisa inasaidia kweli, mwanasaikolojia wa elimu John Sweller alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mifano iliyofanywa hatua kwa hatua inapunguza mzigo kichwani. Shida swali likigeuzwa kidogo tu, mwanafunzi anakwama na kujiambia mi hesabu siziwezi.

Njia ya pili, swali linatangulia. Mfano, pembe za ndani za umbo la pande 7 jumla yake ngapi? Waache wachore, waligawe pembetatu, mmoja atapata pembetatu 5 mwingine 7 (huyo kaanzia katikati, kasahau kutoa zile nyuzi 360 za pale katikati), wabishane, kila mtu aseme kwa nini, mpaka 5 × 180 = 900 itoke mikononi mwao, na hapo ndo kujiamini kunapoanza maana kathibitisha mwenyewe, hajapewa na mtu. Inakula muda, ndiyo, na mwalimu asipofafanua mwishoni wanaondoka na makosa yao.

Mimi naanza na swali. Kanuni naiandika baadaye, wakishaihangaikia.